TAHARIRI YA VIJANA: Tumeshiba apu, sasa nani atashika dibaga?

Pita jioni katika vichochoro vya Mji wa Kale, kati ya Ndia Kuu na barabara ya Mbarak Hinawy, utamkuta fundi wa simu amekaa nyuma ya kimeza kisichozidi upana wa sinia. Simu imepasuliwa tumbo mbele yake. Mkononi ana mita yenye waya mwekundu na mweusi, anagusa hapa, anagusa pale. Mteja anauliza, "Fundi, itapona?" Fundi hajibu. Kwanza anataka kujua umeme unafika wapi na unakatikia wapi. Akikosa ramani ya bodi ya simu hiyo atasema ukweli: "Ndugu yangu, hii nitakuwa nabahatisha."

Programu nazo hufa hivyo hivyo. Apu ya duka inajifunga kila mteja akibonyeza kulipa. Kifaa cha kupima joto la friji ya samaki kinaganda saa nane za usiku na asubuhi kinaamka kama hakuna lililotokea. Mita ya fundi wa programu inaitwa dibaga. Na hapa ndipo ukurasa huu una neno na vijana wenzetu wa kisiwani: tumejifunza kutengeneza apu, na tumejifunza haraka, lakini walio wengi wetu hatujui mita yetu inafanyaje kazi, wala nani huichorea ramani mashine mpya zinapoingia sokoni. Kazi hiyo tumewaachia wengine kabisa, na tunalipa bei yake bila kujua.

Hebu tuanze na mfano ambao mwanafunzi yeyote anaweza kuujaribu. Tuseme umemwandikia mwenye duka la leso pale Biashara Street programu ya risiti. Sehemu moja umeiandika kwa lugha ya C ili iende mbio. Kwenye simu yako nzuri inapepea. Kwenye simu ya bei nafuu ya yule kijana wa kaunta, risiti za leo zinajipanga kabla ya za jana, na nyingine zinaonyesha tarehe ambazo wewe hukuwa umezaliwa. Unaangalia msimbo mara kumi, huoni kosa. (Tunasema msimbo, maana kodi kwetu ni ile ya nyumba.)

Kosa liko hapa. Simu yako ni ya biti 64, ya kaunta ni ya biti 32. Namba ya aina iitwayo long katika C, kwenye Android ya biti 64 ina nafasi ya biti 64. Kwenye Android ya biti 32 ina nafasi ya biti 32 tu, na haiwezi kupita 2,147,483,647. Wewe umeweka humo muda kwa milisekunde tangu mwaka 1970, hesabu ambayo imeshavuka trilioni 1.7. Maji ya pipa umeyamimina kwenye kikombe cha kahawa. Kwa kubahatisha utahangaika wiki nzima. Kwa dibaga iliyounganishwa na simu ile ile yenye ugonjwa, unasimamisha programu pale risiti inapoandikwa, unaitazama namba, unaikuta na alama ya kutoa mbele yake. Dakika kumi.

Lakini angalia sharti tulilolipenyeza: dibaga iliyounganishwa na simu ile ile. Ili hilo liwezekane, kuna mtu aliyekaa akaifundisha dibaga kichakataji cha simu hiyo, na akaifundisha mfumo endeshi wake. Bila mtu huyo, unabahatisha kama fundi asiye na ramani.

Kumfundisha dibaga kichakataji maana yake nini? Watu hudhani ni uchawi, na si uchawi. Ni kujua tabia za mashine moja moja na kuziandika bila kukosea.

Chukua jambo la kusimamisha programu. Unaiambia dibaga: simama ukifika mstari wa 40. Dibaga haina uwezo wa kusimamisha wakati. Inachofanya ni kuiondoa amri iliyokuwa mahali pale kwenye kumbukumbu, kuihifadhi kando, na kuweka amri ya mtego pahali pake. Kichakataji kikifika pale kinanasa; mfumo endeshi unajua; dibaga inaarifiwa. Sasa, kwenye kompyuta za Intel mtego huo ni baiti moja tu. Kwenye simu za ARM za biti 64 ni baiti nne. Kwenye RISC-V uko wa baiti nne na uko mfupi wa baiti mbili. Ukiweka mtego mkubwa mahali padogo umekanyaga amri ya jirani, na programu iliyokuwa na ugonjwa mmoja sasa ina magonjwa mawili, la pili umelileta wewe.

Hayo ni ya kutega. Kunasua nako kuna kwake. Kwenye Intel, kichakataji kikishanasa huwa kimeshapiga hatua moja mbele ya mtego, kwa hiyo dibaga lazima ikirudishe nyuma baiti moja kabla ya kuendelea. Kwenye ARM ya biti 64 hakuna kurudisha, kimesimama pale pale. Mwandishi wa dibaga akisahau baiti hiyo moja, programu itaendelea katikati ya amri, itapotea njia, nawe utamlaumu asiye na hatia.

Halafu kuna rejista, vile visanduku vidogo ndani ya kichakataji ambamo kazi yote hufanyiwa. Intel na AMD za biti 64 zina 16 za matumizi ya kawaida. ARM ya biti 64 ina 31. RISC-V ina 32, ila ya kwanza huwa sifuri daima. Hata uitilie nini inabaki sifuri, kama mfuko wa mwanafunzi mwisho wa muhula. Dibaga isiyojua hesabu hiyo na majina yake haiwezi kukusomea chochote. Tena inabidi ijue programu huweka wapi anwani ya kurudia: Intel huiandika kwenye kumbukumbu, ARM huiweka kwanza katika rejista ya x30, RISC-V kwa desturi huiweka katika x1. Ndiyo njia ya kujua nani alimwita nani hadi programu ikaanguka. Ni kama kufuatilia habari ya mtaani: lazima umjue aliyekwambia, na aliyemwambia yeye, hadi ufike kwa mwenyewe.

Kichakataji ni nusu ya safari. Nusu ya pili ni mfumo endeshi, na huu ndio bawabu. Hakuna programu inayoruhusiwa kuchungulia tumbo la mwenzake hivi hivi. Linux ina mlango mmoja uitwao ptrace. Dibaga hupitia hapo kuomba kumshika mwenzake, kusoma kumbukumbu yake na rejista zake, na kumsogeza hatua moja moja. Windows ina mlango wake, macOS ina wake, na funguo hazifanani. Ndiyo maana ukifungua msimbo wa GDB, dibaga ya chanzo huria ambayo Richard Stallman alianza kuiandika mwaka 1986, majina ya faili yanajieleza yenyewe. riscv-tdep.c inahusu kichakataji. riscv-linux-tdep.c inahusu kichakataji hicho hicho kikiwa chini ya Linux. riscv-linux-nat.c ni ya dibaga inayoketi ndani ya mashine yenyewe. Ukitaka kuleta mashine mpya, unajua tangu siku ya kwanza faili zako zitaitwaje.

Na wakubwa nao hukwama. Apple ilipotoa kompyuta zenye chipu ya M1 mwishoni mwa 2020, mwenye kuzoea GDB alijikuta hana mita: kwa miaka kadhaa GDB haikuweza kukagua programu za macOS ndani ya kompyuta hizo, na watu wakahamia LLDB, dibaga ambayo Apple yenyewe ilikuwa imeiandaa. RISC-V, ambayo usanifu wake ulianzia Berkeley mwaka 2010, ilipokelewa rasmi ndani ya GDB mwaka 2018. Miaka minane! Katikati hapo waliokuwa na haraka walitumia nakala za pembeni.

Mlango wa kutoka nao uko wazi. Wale mliokulia maskani zenye PlayStation 3 mnaikumbuka. Ndani yake mlikuwa na kichakataji kiitwacho Cell. GDB ilikuwa ikikijua. Katika toleo lake la 9, Cell ikafutwa. Chanzo huria hakina kinyongo na mtu, ila msimbo usio na mwangalizi huoza, na ukioza hutolewa. Debian, mojawapo ya familia kongwe za Linux, ilitoa toleo lake la 13 Agosti 2025 bila kerneli wala kisakinishi cha kompyuta za zamani za biti 32 za aina ya i386.

Tunaotoka Mombasa tusizisikie habari hizo kama za mbali. Kompyuta ya mtumba inapita Kilindini. Inaishia saiba, inaishia shule ya msingi, inaishia kwa mwenye duka la vipuri. Wanaoamua mashine gani iendelee kujulikana na mashine gani isahaulike ni wale wanaoandika na kutunza faili hizo tulizozitaja. Hawana ubaya nasi. Hawatujui tu, na mashine zetu hawazioni. Kama hakuna mmoja wetu mezani pao, nani atasema kwamba kule pwani ya Kenya kuna watu bado wanazitumia?

Babu zetu wa bandari ya kale wasingetuelewa kabisa. Jahazi lilipofika limechoka lilipandishwa ufukweni, likakalafatiwa hapa hapa, na aliyekalafati hakuuliza kama mwenye jahazi ni wa Lamu, wa Pemba au wa Maskati. Alijifunza chombo kilichokuja. Ukiona vyaelea vimeundwa, na vilivyoundwa hukaguliwa na wenye kuvijua mbao moja moja.

Hatusemi Waswahili hatujawahi kutia mkono. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux uliokuwa na makao Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini zinazoongea Kiswahili. Ilikuwa kazi kubwa na ilituheshimisha. Lakini tazama tuliingilia mlango gani: mlango wa lugha, uso wa programu. Zaidi ya miaka 20 baadaye bado tumesimama sebuleni. Jikoni, kwenye kompaila, kerneli na dibaga, ni wachache mno wetu.

Sababu moja ni mafunzo tunayopewa. Kila tangazo ni jenga apu kwa wiki sita, jenga tovuti kwa wiki nne. Mtu anahitimu, anapewa cheti, anapiga picha nacho pale Pembe za Ndovu, na siku programu yake ikianguka kwa sababu isiyoandikwa kwenye kioo anaanza kutia mistari ya kuchapisha neno "nimefika hapa", "nimefika hapa tena". Sote tumefanya hivyo. Mwandishi wa tahariri hii alifanya hivyo mwaka mzima kabla ya mtu kumwonyesha kwamba ndani ya laptopu yake mlikuwa na dibaga tangu siku aliyoinunua.

Sababu ya pili ni hofu kwamba mambo hayo ni ya watu wenye maabara ya mamilioni. Si kweli, na hili tungependa likushike.

GDB ina njia ya kukagua mashine ndogo kutoka kwenye mashine kubwa. Kifaa kidogo hakihitaji kubeba dibaga nzima. Kinahitaji kijiprogramu kinachoitwa stabu, ambacho kinaelewa amri chache za herufi moja moja: g, nipe rejista, m, nisomee kumbukumbu, c, endelea, s, piga hatua moja. Laptopu iko upande wa pili wa waya na ndiyo inayofikiri. Mifano ya stabu imo ndani ya msimbo wa GDB wenyewe. Na ukikosa hata bodi, kuna QEMU, programu inayoiga vichakataji vingi na inayojua kuongea na GDB moja kwa moja. Yaani unaweza kujifunza kunasa na kunasua programu ya RISC-V ukiwa umekaa kibarazani na laptopu ya mtumba, na kahawa chungu pembeni.

Bodi zenyewe ziko. Wanafunzi wengi wa miradi ya umeme wanazifahamu ESP32: za mwanzo zilikuja na kichakataji cha Xtensa, kisha zikaja kama ESP32-C3 zenye RISC-V. Umbo moja, jina moja la ukoo, roho mbili tofauti. Anayehamisha mradi wake kutoka ya kwanza kwenda ya pili amekutana na suala letu uso kwa uso, hata kama hakulijua jina.

Na intaneti? Nyaya za SEACOM na TEAMS zilitua Mombasa mwaka 2009. Msimbo wa GDB wote unashuka ndani ya dakika chache. Hatuna kisingizio cha meli kuchelewa.

Basi tunasema hivi, na tunasema kwa wenye nafasi ya kufanya. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa pale Tudor, chuo ambacho wazee wetu walikijua kwa jina la MIOME, kilianza kwa kufundisha watu kufungua mashine na kuzifunga tena. Kitenge miradi michache ya mwaka wa mwisho kwa kazi hii. Si mradi wa kusema tutaandika dibaga mpya. Huo ni ubatili. Mradi mdogo: wanafunzi wawili, bodi moja, stabu moja inayofanya kazi, na majaribio yaliyopita. GDB ina rundo la majaribio yake, maelfu, ambayo huendeshwa kwa kifaa kiitwacho DejaGnu. Ukiyaendesha kwenye bodi ambayo hakuna anayeiangalia, yale yatakayofeli ndiyo orodha yako ya kazi. Hata kurekebisha moja ni mchango wenye jina lako.

Hapo chuo kina kazi nyingine ambayo mwanafunzi hawezi kuifanya peke yake. Mchango mkubwa katika GDB hutaka mchangiaji atie saini hati ya kuhamishia hakimiliki yake kwa FSF, shirika la programu huria la Marekani, na wakati mwingine chuo au mwajiri naye hutakiwa kuthibitisha kwamba hadai umiliki. Tunazijua ofisi zetu. Barua kama hiyo inaweza kuzunguka kutoka meza hii hadi ile hadi mwanafunzi ahitimu. Chuo kikiandaa barua moja ya mfano na kumteua mtu mmoja wa kuisaini, kitakuwa kimefanya kuliko semina kumi.

Swahilipot, hatua chache kutoka Fort Jesus, ni mahali ambapo vijana wenye laptopu na vijana wenye ngoma hukaa chini ya paa moja. Tungependa kuona pale jioni moja kila mwezi ya kufungua programu zilizokufa: lete iliyoanguka, tuisimamishe, tuone. Waalikwe na mafundi wa simu. Wengi wao hawajasoma msimbo, ila wana kitu ambacho sisi wa apu tumekikosa, ile tabia ya kupima kabla ya kusema.

Najua kuna anayesoma hapa akiguna: hii kazi inalipa? Tusidanganyane. Hutaona tangazo la kazi ya kuandika dibaga limebandikwa Moi Avenue. Wanaolipwa kwa kazi hii wengi wameajiriwa na kampuni kama Red Hat, Intel, AMD na Arm, na kuingia huko si wiki sita. Lakini wanaoajiri hawana haja ya kukuuliza cheti. Kazi yako iko hadharani, imesomwa na wakali, imekubaliwa au imerudishwa na sababu. Mtu aliyepitisha marekebisho matatu ndani ya GDB ana barua ya kumtambulisha ambayo haihitaji muhuri wa chifu. Na hata asipoandika tena mstari mmoja wa dibaga maishani, kila apu atakayoigusa ataigusa kama fundi.

Tena kuna suala la nchi. Nyeri, katika Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, kuna kampuni ya STL inayotengeneza chipu. RISC-V ni usanifu ulio wazi, yeyote anaweza kubuni kichakataji chake kwa kuufuata, akaongeza amri zake mwenyewe. Siku Mkenya atakapofanya hivyo, amri hizo mpya hazitajulikana na dibaga yoyote duniani. Kuna atakayepaswa kukaa chini na kuandika faili ile ya kwanza, yenye jina la kichakataji hicho na neno tdep mwishoni. Ikiwa wakati huo itabidi tutafute mtu ng'ambo aje atusomee mashine yetu wenyewe, itakuwa aibu ya kujitakia.

Kwa leo, anza na kidogo. Fungua kompyuta yenye Linux, andika programu ya mistari mitano yenye kosa la makusudi, kisha iite gdb. Isimamishe kwenye mstari wa tatu. Andika info registers. Yatashuka majina na namba ambazo hujawahi kuziona, rax, rbx, rcx, au x0 hadi x30, kutegemea mashine uliyonayo. Tuandikie utuambie umeona nini, na mashine yako ni ya aina gani.